Maji ya mtungi, mtoto wa miezi minane na hofu ya plastiki

"Mtaalamu, habari ya kazi. Ninaishi mtaa wa Pipeline, Nairobi, na mume wangu na mtoto wetu wa miezi minane. Maji ya mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, na yakija tunajaza mitungi. Siku nyingine tunatumia maji ya kisima cha ploti, yana chumvi kidogo, na hupandishwa kwenye tangi jeusi juu ya paa. Wiki jana alikuja kijana anayeuza filta mlango kwa mlango. Alitia kifaa chenye vyuma viwili kwenye gilasi ya maji yangu, akakiwasha, na baada ya dakika moja maji yakawa ya kahawia, yana povu na uchafu unaoelea. Maji yake kwenye gilasi ya pili yakabaki meupe. Akaniambia ule uchafu ni plastiki iliyoyeyuka, kwamba kila wiki tunakula plastiki ya uzito wa kadi ya benki, na kwamba nikichemsha maji ndiyo ninaizidisha. Filta yake ni shilingi 38,000. Nimemwambia arudi Jumamosi. Tangu siku hiyo sichemshi tena. Nanunua maji ya chupa tukiwa na pesa, na zikiisha tunakunywa ya mtungi hivyo hivyo. Mtoto bado ananyonya, lakini nimeanza kumpa uji, na maziwa ya kopo kwa chupa. Birika letu ni la umeme, la plastiki. Je, ninamlisha mtoto wangu sumu? Ninunue filta?"

Dada yangu, kabla hujasoma mbele zaidi: leo jioni rudi kuchemsha maji. Maji ya mtungi na ya tangi ambayo hayajachemshwa wala kutiwa dawa yanaweza kumwangusha mtoto wa miezi minane wiki hii hii. Plastiki, hata tukiipa uzito wote inaostahili, ni jambo la miaka. Na hapana, humlishi mtoto sumu. Unamlea katika mji ambao maji yake hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwenye kikombe, na una haki ya kujua kinachotokea katika kila mkono.

Nianze na ile gilasi ya kahawia, maana naona ndiyo iliyokunyima usingizi. Kifaa kile nakifahamu. Nimekifungua na kukijaribu mwenyewe. Kina fimbo za aina mbili, za chuma na za alumini. Ukikiwasha, umeme hupita majini kutoka fimbo moja hadi nyingine, na chuma kinaliwa. Ile rangi ya kahawia ni kutu, na kutu hiyo ilitoka kwenye fimbo, haikuwa kwenye maji yako. Ukizitazama fimbo za chuma za kifaa kilichotumika sana utaziona zimelika kama jino bovu. Basi mbona maji yake hayakubadilika? Kwa sababu umeme haupiti vizuri kwenye maji yasiyo na chumvi. Maji yake yalitoka kwenye filta inayoondoa karibu chumvi zote, kwa hiyo umeme haukupita na chuma hakikuliwa. Yako ni ya kisima, yana magadi na madini mengine, umeme ukapata njia. Hata chai yenye chumvi ingetoa uchafu ule ule.

Wengine huja na kifaa kama kalamu kinachoonyesha namba. Hicho nacho hupima chumvi zilizoyeyuka, basi. Plastiki haipitishi umeme, na tena haiyeyuki majini. Hiyo ndiyo shida yake kubwa. Sukari ikiingia majini inayeyuka, karatasi inaoza, lakini plastiki hukatika-katika tu. Kipande kinakuwa viwili, viwili vinakuwa mia, mia vinakuwa unga usioonekana kwa macho. Maji yanaweza kuwa na unga huo tele na kalamu ile ikasoma karibu na sifuri.

Vipande hivyo tunaviita mikroplastiki vikiwa chini ya milimita 5. Jina hilo lilianza kuenea mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alipochapisha na wenzake utafiti kuhusu plastiki ndogo zilizojaa kwenye mchanga wa pwani na baharini. Unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mikroplastiki nyingi za majini ni ndogo kuliko hapo. Zikishuka chini ya mikroni moja huitwa nanoplastiki, na hizo hata darubini ya kawaida ya shule haikuonyeshi.

Hapa Nairobi zinatoka wapi? Watu hufikiria mifuko kwanza. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na hilo lilisaidia. Mitaro inaziba kwa chupa na vifungashio sasa, si kwa mifuko kama zamani. Lakini chanzo kikubwa kimevaliwa mwilini. Nguo nyingi za mitumba tunazonunua soko la Gikomba ni za poliesta na akriliki, ambazo ni plastiki iliyosokotwa. Mwaka 2016, watafiti wa Plymouth walipima wakaona kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa kwenye mashine zinaweza kumwaga nyuzi zaidi ya 700,000. Kuna pia magurudumu ya matatu na malori, yanayosagika kwenye lami ya Outering na Jogoo Road kila siku. Mvua ikinyesha, ule unga mweusi wote hushuka mtaroni.

Sasa nisahihishe jambo ambalo wengi hulichanganya. Maji machafu ya Mto Nairobi sio yanayorudi kwenye mfereji wako. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, chini ya milima ya Nyandarua, na husafishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu kabla ya kushuka kuja mjini. Uchafu wetu unakwenda upande wa pili. Mto Nairobi hupita kando ya jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 ilhali hadi leo linapokea taka, kisha huungana na Mto Athi, na Athi hushuka ukaitwa Galana, halafu Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Hapa moyo wangu huuma. Plastiki tunayoitupa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, inanywewa na watu wa Athi wanaochota mtoni kwa ndoo, wasio na Ng'ethu yao. Ukiuliza nani ameonewa zaidi na jambo hili nchini, mimi nitakuonyesha wao kabla sijakuonyesha sisi.

Kule Ng'ethu maji hutiwa shabu. Pengine nyanya yako aliijua shabu. Ukiitia kwenye ndoo ya maji ya tope, tope linashikana na kuzama. Chembe ndogo majini huwa na chaji ya umeme inayofanana, kwa hiyo zinasukumana na kuelea siku nyingi bila kutulia. Shabu huvunja ule msukumano, chembe zinashikana kuwa madonge laini kama uji uliokatika, madonge yanazama. Maji yaliyobaki juu hupitishwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini. Mchanga na shabu haviulizi kama chembe ni ya udongo au ya plastiki. Vyote viwili hukamatwa kwa njia moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipoandika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu mikroplastiki katika maji ya kunywa, lilisema kwamba mitambo ya kawaida ya kusafisha maji, ikiendeshwa vizuri, huondoa sehemu kubwa sana ya chembe hizi. Mtambo unaosafisha tope vizuri unasafisha plastiki pia.

Kwa hiyo maji yanatoka Ng'ethu yakiwa katika hali nzuri. Matatizo yako, dada, huanza baada ya hapo.

La kwanza ni mgao. Bomba lililojaa maji yenye nguvu, hata likiwa na ufa, humwaga nje. Maji yakifungwa, bomba linabaki tupu na ule ufa unaanza kuvuta ndani: maji ya mtaro, maji ya choo kinachovuja jirani, chochote kilicho ardhini. Siku ya maji ikifika, yale ya kwanza kutoka ndiyo yaliyobeba hayo yote. Yaache yatoke kwenye ndoo ya kupigia deki mpaka yawe safi, ndipo uanze kujaza mitungi ya kunywa. Najua inauma kumwaga maji siku ya maji, kwa hiyo usiyamwage, yaoshee choo.

La pili ni mtungi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Ile mitungi ya manjano ya lita 20 tunayonunua baada ya kumaliza mafuta ya kupikia ina mdomo mwembamba usioingia mkono. Ndani ikiota kijani, tunafanyaje? Tunatia mchanga au kokoto na maji kidogo, tunafunga, tunatikisa kwa nguvu hadi kijani kitoke. Mama yangu alifanya hivyo, nami nilifanya hivyo nikiwa mtoto. Siku moja kazini nilichukua mtungi wa zamani uliooshwa hivyo miaka mingi, nikaukata katikati kwa msumeno na kuutazama ndani kwenye mwanga wa dirisha. Ukuta wake, ambao ukiwa mpya huwa laini kama ganda la yai, ulikuwa umekwaruzika kote, na kwenye kila mkwaruzo kulikuwa na manyoya-manyoya yaliyosimama. Nilipitisha kidole kilicholowa, yakang'oka na kubaki kwenye ngozi. Hiyo ni plastiki iliyokuwa inangoja maji yanayofuata. Tena mikwaruzo hiyo ndiyo maficho ya bakteria. Tunakwaruza ili tusafishe, na mtungi unazidi kuwa mgumu kusafishika.

Acha kokoto. Osha mtungi kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini ya mpini mrefu, kisha tia maji yenye dawa ya klorini uyaache nusu saa, uyamwage na kusuuza. Mtungi uliokwisha pauka kwa jua, ule ambao ukiupitishia ukucha unatoa unga mweupe, usiutumie tena kwa maji ya kunywa. Ufanye wa kufulia. Na mingine iweke kivulini, maana jua ndilo linaloivunja plastiki kuliko kitu kingine chochote. Ukipata nafasi, maji ya kunywa yaweke kwenye ndoo yenye mfuniko na mfereji chini, au kwenye chungu. Muhimu ni kufunika. Nyuzi za blanketi, za zulia na za sweta zinaelea hewani ndani ya nyumba zetu ndogo na kutua juu ya kila kilicho wazi.

Tangi jeusi lisikutie hofu sana. Weusi wake ni wa masizi yaliyochanganywa na plastiki ili jua lisiipenye, kwa hiyo linalochakaa ni ngozi ya nje, na maji yako ndani. Kinachotisha zaidi ni matope yanayotulia chini na mfuniko uliopeperushwa na upepo, panya na ndege wakapata mlango. Ongeeni na mwenye nyumba lioshwe kila miezi sita, nanyi wapangaji mpande kuona kama mfuniko upo.

Tuje kwa ile kadi ya benki. Maneno hayo yalitoka kwenye makadirio ya mwaka 2019 kwamba mtu huenda akameza hadi gramu 5 za plastiki kwa wiki. Yalienea upesi kwa sababu kadi kila mtu anaijua. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walipiga hesabu upya kwa kuangalia ukubwa halisi wa chembe, wakapata kwamba mtu mzima wa kawaida huingiza kama mikrogramu 4 kwa wiki. Gramu 5 ni mikrogramu milioni 5, kwa hiyo tofauti inazidi mara milioni moja. Anayekuambia kadi ya benki leo, ama hajasoma ama anauza.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani plastiki mwilini si kitu. Chembe zinazozidi mikroni 150 hupita tumboni na kutoka na choo. Zile ndogo kabisa ndizo zinazoweza kupenya ukuta wa utumbo. Mwaka 2022 watafiti wa Amsterdam walipima damu ya watu 22 wakakuta plastiki kwa 17. Mwaka 2024, nchini Italia, madaktari walichunguza mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kati ya 257 waliofuatiliwa, zaidi ya nusu walikuwa na plastiki ndani ya mafuta yale, na katika miaka karibu mitatu iliyofuata hao walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu hivi kuliko wasiokuwa nayo. Utafiti huo umeonyesha mambo mawili yakitembea pamoja. Haujaonyesha kwamba moja ndilo lililozaa lingine. Pengine wenye plastiki nyingi ndio pia waliovuta moshi mwingi wa magari. Mimi nauchukulia kwa uzito hata hivyo, na ndiyo sababu nakushauri uipunguze pale inapopunguzika kwa bei nafuu.

Sasa pima na upande wa pili wa mizani. Kipindupindu kilicholipuka nchini mwezi Oktoba 2022 kilifika hadi Nairobi, na hakikuua kwa miaka, kiliua kwa siku. Mtoto wa miezi minane ana maji machache mwilini. Akiharisha sana asubuhi, jioni anaweza kuwa katika hatari. Ripoti ile ya WHO ya 2019 ilisisitiza jambo hilo hilo: nchi ambazo watu wake bado hunywa maji yenye vinyesi zianze na vijidudu, na kwa kufanya hivyo zitaondoa na plastiki nyingi. Muuzaji aliyekufanya uache kuchemsha amekuondolea ngao ya leo kwa kukutisha na jambo la kesho, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko bei yake.

Alisema kuchemsha kunaongeza plastiki. Inategemea unachemshia nini. Kwenye sufuria, hakuongezi. Kwenye birika la plastiki, ndiyo, kwa sababu joto hulegeza ngozi ya plastiki na chembe hung'oka zaidi kuliko kwenye maji baridi. Kwa hiyo chemshia maji ya kunywa kwenye sufuria au birika la chuma, na lile la umeme likiharibika ununue la chuma. Yakishatokota kweli kweli kwa dakika moja, yametosha. Nairobi iko juu, mita 1,700 na ushei, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini vijidudu havisalimiki hapo. Usichemshe dakika ishirini. Unamaliza gesi bure.

Huenda pia umesikia kwamba kuchemsha kunaondoa plastiki. Hilo linatokana na utafiti wa China wa mwaka 2024. Maji magumu, yenye chokaa nyingi, yakichemka chokaa hujitenga na kushuka kama ukoko mweupe, na wakati inashuka hunasa chembe za plastiki ndani yake. Ukichuja ukoko huo, umetoa hadi asilimia 90 ya chembe. Lakini kwenye maji laini walipata kama robo tu. Na maji ya Ndakaini ni laini. Tazama sabuni inavyotoa povu upesi siku ya mfereji. Ya visima vyetu vingi yana chumvi, lakini chumvi yake ni ya magadi zaidi kuliko chokaa. Kwa hiyo Nairobi tunachemsha ili tuue vijidudu, na hesabu ya plastiki tuifanyie kwingine.

Kwa kuwa umetaja kisima, niruhusu nikuongezee wasiwasi mmoja ulio wa kweli. Miamba iliyo chini ya Nairobi ni ya volkano, na visima vingi virefu hapa vina madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na WHO. Umewaona watu waliokulia Naivasha au Nakuru wenye meno ya kahawia. Chanzo ni hicho hicho. Meno ya kudumu ya mtoto wako yanajengwa sasa hivi, ndani ya ufizi, na yataendelea kujengwa hadi afikie miaka minane hivi. Floraidi haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe hubaki na kuzidi ukali. Kwa uji wake na maziwa yake, tumia maji ya mfereji yaliyochemshwa, ya kisima yabaki ya kuoshea na kufulia. Kama ningekuwa jirani yako, hilo ningelisema kabla sijataja plastiki hata mara moja.

Maji ya chupa hayakuokoi na plastiki. Mwaka 2018 chupa 259 kutoka nchi tisa, Kenya ikiwemo, zilipimwa, na asilimia 93 zilikuwa na chembe. Wastani ulikuwa 325 kwa lita. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani wenye kifaa kinachoona hadi nanoplastiki walihesabu kama 240,000 kwa lita. Maji hayakuharibika ghafla katikati hapo. Jicho ndilo lililokuwa kali zaidi, na unapoona namba kubwa za aina hii uliza kwanza walitazama hadi udogo gani. Baadhi ya chembe hizo hutoka kwenye kifuniko kinaposuguana na mdomo wa chupa unapofungua na kufunga. Maji ya chupa yana kazi yake ukiwa safarini au mafuriko yakiingia mtaani. Kama maji ya kila siku ya nyumba yako, unalipia plastiki juu ya plastiki. Na ile chupa usiijaze tena na tena ukiiacha dirishani juani.

Sasa filta. Ya 38,000 kwa jinsi ulivyoieleza inaelekea kuwa ya utando wenye vitundu vidogo mno, maji yakisukumwa kwa pampu. Aina hiyo ikiwa ya kweli huondoa plastiki, vijidudu, chumvi na floraidi. Sikatai. Lakini inataka umeme, inataka maji yenye nguvu, humwaga lita mbili tatu au zaidi kwa kila lita inayokupa, na utando usipobadilishwa kwa wakati unabaki na pambo ukutani. Mahali maji yanakuja siku mbili kwa wiki, fikiria hilo. Ingekuwa kisima ndicho chanzo chako pekee na kipimo kikaonyesha floraidi ya juu, ningekuambia wapangaji mchange pamoja mnunue moja ya ploti. Kwa nyumba yako peke yako, yenye siku mbili za mfereji, hapana.

Kilicho karibu na mfuko wako ni filta ya mshumaa wa udongo wa kauri, ya ndoo mbili, isiyohitaji umeme. Nzuri zina vitundu vya mikroni 0.2 hadi 0.9. Bakteria wengi hawapiti, na sehemu kubwa ya mikroplastiki haipiti. Nanoplastiki zitapita baadhi, virusi vitapita, floraidi itapita yote. Kwa hiyo ukishachuja bado unachemsha maji ya mtoto. Mshumaa uusugue kwa brashi laini chini ya maji safi ukiona matone yamekuwa machache, na ukipata ufa hata kama unywele, umekwisha, utupe. Filta ya mkaa peke yake inaboresha ladha na harufu, lakini ikikaa muda mrefu bakteria hujenga humo. Ukikosa pesa za filta yoyote mwezi huu, usijilaumu. Sufuria, mfuniko na mtungi usiokwaruzwa vimeshakupeleka mbali.

Pesa utakazookoa uzipeleke kwenye maziwa ya mtoto, maana hapo ndipo plastiki na joto hukutana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, walitengeneza maziwa ya kopo kwenye chupa za plastiki za watoto kwa maji ya moto yanavyopaswa kuwa, wakakuta chupa zinamwaga hadi chembe milioni 16 kwa lita. Maji yakizidi moto, chembe huzidi. Yakipoa, hupungua sana. Suluhisho lake ni rahisi. Endelea kumnyonyesha kadiri unavyoweza, hilo halina mbadala. Maziwa ya kopo yakoroge kwenye kikombe cha chuma au cha udongo kwa maji yaliyochemka na kupoa kidogo tu, yakiwa bado moto wa nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Yaache yapoe humo humo hadi vuguvugu, ndipo umpe. Na miezi minane anaweza kunywea kikombe kidogo cha wazi na kijiko, jambo ambalo wauguzi wetu wa kliniki hulihimiza kwa sababu kikombe husafishika kuliko chupa na chuchu yake. Uji wake usiuweke ukiwa moto kwenye bakuli la plastiki. Nanyi wazazi, githeri na chai ya moto visifungwe kwenye plastiki. Nenda na kikombe chako na kontena la chuma kwa mama wa kibanda, atakupimia.

Mtoto akiharisha mara tatu au zaidi kwa siku, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga majini, na uendelee kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apewe na zinki. Macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, akikojoa kidogo mno, akitapika kila kitu, akilegea au choo kikiwa na damu, usingoje kupambazuka. Kuhusu kisima, mwulize mwenye nyumba cheti cha kipimo cha maji. Kama hana, ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yenu inaweza kuwaelekeza kwenye maabara. Ombeni vipimwe vitu viwili: bakteria wa kinyesi, na floraidi. Mtu akitaka kuwapimia mikroplastiki kwa pesa pale ploti, msimlipe. Kipimo hicho hufanywa kwa mashine za miale maalumu katika maabara za utafiti, kwa saa nyingi, na nyuzi za shati la mpimaji peke yake zinaweza kuharibu matokeo.

Yule kijana akirudi Jumamosi, mkaribishe vizuri, pengine naye alifundishwa hivyo na hajui zaidi. Mwombe amimine maji yake meupe yaliyochujwa kwenye gilasi yako, wewe utie chumvi ya jikoni kidogo, ukoroge, halafu atumbukize kile kifaa na mkae mtazame pamoja dakika moja.